Uchujaji wa ujumbe taka

Uchujaji wa ujumbe taka ni kazi ya kutenga matangazo na jumbe zisizotakiwa ili zisiwafikie washiriki wa kikundi cha majadiliano kwenye intaneti.

Tatizo hili lilionekana mapema katika Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza nchini Marekani mwaka 1980. Mwaka 1984 Larry Wall alitoa programu ya rn, iliyomwezesha msomaji kuorodhesha mada asizotaka kuziona. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili Laurence Canter na Martha Siegel walituma tangazo lao kwa maelfu ya vikundi. Orodha ya msomaji mmoja mmoja haikutosha tena, hivyo zikatumika programu za kufuta matangazo yaliyorudiwarudiwa.

Njia nyingine hufuata kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes: programu hulinganisha maneno ya ujumbe mpya na yale ya jumbe zilizokwisha kubainishwa kuwa taka au halali.

Kichujio kikali mno huleta hasara. Neno "mkopo" likizuiwa kabisa, hata mwanafunzi anayeuliza kuhusu mkopo wa masomo hatasikika. Kwa hiyo vikundi vingi huwa na msimamizi anayekagua jumbe zilizozuiwa.