Kusoma kilengeo: namna ya kutambua rivolva za zamani za shabaha

Naandika kutoka South End ya Louisville, Kentucky. Huku kwetu, kati ya Dixie Highway na Preston Highway, Kiswahili cha Kongo unakisikia dukani bila kukitafuta, na silaha za zamani nazo zinajileta zenyewe. Mzee wa Kimarekani akifariki, watoto wanafungua kabati, wanakuta bastola ya babu imeviringishwa kwenye kitambaa, halafu wanauliza: hii ni ya lini, na ina thamani gani? Mimi ni mtu wa historia, sina duka wala sipigi shabaha. Lakini swali hilo ni la fani yetu kabisa. Kitu kipo mezani, hakina tarehe, kinangoja kusomwa.

Nianze na maneno, maana najua ninaongea na nani. Waswahili wa zamani walizipa bunduki majina kwa namna zinavyowashwa. Bunduki ya mrao ni ile ya utambi. Gumegume ni ile ya jiwe. Ikaja ya fataki. Sasa wakusanyaji wa Kimarekani nao, bila kutujua, wana mpango huohuo: kwanza wanauliza risasi inawashwa wapi. Risasi ndogo ya .22 haina fataki katikati ya kitako cha ganda. Dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo. Basi mimi naiita fataki ya ukingo. Smith & Wesson walianza biashara yao ya rivolva na risasi ya namna hii mwaka 1857, na ile .22 Long Rifle tunayoiona mpaka leo ilikuja 1887. Ni rahisi, haina kishindo kikubwa, kwa hiyo ikawa risasi ya mazoezi na mashindano.

Lakini kwa sehemu ya kulengea, Kiswahili chetu kinakuwa maskini ghafla. Tuna shabaha: twaa shabaha, piga shabaha, kosa shabaha. Neno moja linabeba kulenga na kinacholengwa. Dhana yangu ni kwamba hili linatokana na gobore lenyewe. Magobore ya biashara yaliyoingia pwani na bara mengi hayakuwa na kitu cha kulengea upande wa nyuma. Mtu alitazama juu ya mtutu akafyatua. Na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, gobore likaendelea kuishi kwetu muda mrefu kuliko kwingineko. Kisichokuwepo hakipewi jina. Kwa hiyo hapa nitasema kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma, na mwenye neno bora alilete.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe.

Ukishika rivolva ya shabaha ya Kimarekani iliyotengenezwa kabla ya vita vya pili, tazama kwanza ni kilengeo kipi kinachosogezwa. Kwenye Colt za zamani, kama Officers' Model Target ya .22 iliyotoka 1930, kazi imegawanywa: cha mbele kinapandishwa na kushushwa, cha nyuma kinasogezwa kushoto na kulia. Kwa Smith & Wesson, cha nyuma kinafanya kazi zote mbili na cha mbele kimetulia. Colt waliuacha mtindo wao baada ya vita. Officers' Model Special ya 1949 ina kilengeo cha mbele kisichosogea, marekebisho yote yamehamia nyuma. Kwa hiyo Colt yenye kilengeo cha mbele cha kusogea imeshakutajia enzi yake kabla hujasoma nambari yoyote.

Smith & Wesson wanahitaji utulivu zaidi. Rivolva yao ya K-22 Outdoorsman ilitoka 1931. Mtutu wake ni wa mviringo, juu hauna mgongo wa chuma, na kilengeo cha nyuma kinasogezwa pembeni kwa skrubu mbili ndogo zinazosukumana: unalegeza hii, unakaza ile. Mwaka 1940 wakaja na K-22 Masterpiece. Mtutu ni uleule wa mviringo, lakini kilengeo cha nyuma ni kipya, skrubu yake inalia tik, tik, kila mlio ni hatua moja. Zilitengenezwa 1,067 tu, kisha vita vikafunga mlango. Kiwanda kilikuwa kinawadai Waingereza bastola, au tuseme Waingereza walikuwa wanakidai: walikuwa wametoa fedha kwa ajili ya bunduki nyepesi iliyoshindikana, na deni likalipwa kwa rivolva za .38. Uzalishaji wa K-22 uliporudi 1946, kilengeo cha tik-tik kilibaki, ila juu ya mtutu sasa kuna mgongo wa chuma, na nambari zinaanza na herufi K. Kuanzia 1957 inaitwa Model 17, na jina hilo limegongwa kwenye fremu, pale silinda inapofungukia.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Skrubu mbili bila mgongo: 1931 hadi 1940. Tik-tik na mgongo: 1946 na kuendelea. Tik-tik bila mgongo: hiyo ni ya 1940, na hapo ndipo pesa ilipo. Na palipo na pesa, bwana, pana ujanja.

Nitoe mfano. Jirani yangu mmoja, mjane, alipeleka K-22 ya marehemu mumewe kwa mfanyabiashara mmoja. Akaambiwa ni mseto, eti mwili wa kabla ya vita uliopachikwa kilengeo cha baada ya vita, kwa hiyo bei yake ni ya kutupa. Alikuwa tayari kukubali, maana bili za hospitali zilikuwa zinamsubiri. Ukiitazama juujuu, maneno ya yule bwana yana mantiki: mtutu wa zamani, kilengeo kipya, lazima kuna mkono wa fundi. Lakini hiyo ndiyo sura halali ya toleo la 1940. Tukatafuta nambari: chini ya mpini, nyuma ya silinda, na upande wa chini wa mtutu. Zote tatu zilikuwa moja, nayo ilikuwa juu ya 682420, ambapo toleo lile linaanzia. Nambari peke yake isingetosha, kwa sababu rivolva za .38 zilichangia mfululizo huohuo. Kilengeo peke yake kisingetosha, kwa sababu kinaweza kubadilishwa. Vikikaa pamoja, ushahidi unasimama. Mjane hakuuza siku ile. Aliandika kuomba barua ya kumbukumbu za kiwanda, na baadaye akauza kwa bei ya haki.

Wenzangu mnaofanya kazi ya miswada mtatabasamu hapa, kwani kanuni hii ni yenu. Usomaji usio wa kawaida usifutwe haraka. Pengine ndio wa asili, na aliyekosa ni msahihishaji. Anayejua makundi mawili tu, la kale na la sasa, akikuta kitu cha katikati atakiita bandia.

Tena si kila badiliko ni udanganyifu. Kampuni ya King ya San Francisco ilikuwa inachukua rivolva za watu na kuziwekea vilengeo vipya, vingine vikiwa na kioo kidogo cha kuelekeza mwanga kwenye kilengeo cha mbele. Kwa aliyetaka hali ya kiwandani, hiyo ni kasoro. Kwa anayetaka kujua wapiga shabaha wa miaka ya 1930 walitaka nini, hiyo ni hazina. Mnakili wa mashairi ya Muyaka aliyeongeza maelezo pembeni hakuyaharibu. Alituachia historia ya pili juu ya ile ya kwanza. Muhimu ni kujua mkono upi ni wa nani.

Ushauri wangu kwa mwenye kurithi kitu kama hiki ni mfupi. Hakikisha haina risasi. Usiing'arishe, rangi ya zamani ya chuma ni sehemu ya ushahidi. Usibadilishe skrubu. Piga picha ya vilengeo vyote viwili kwa juu na kwa pembeni, andika nambari zote, ndipo umsikilize mnunuzi.

Na kwenu nyie wa Mombasa, Ujiji na Bukavu: wawindaji wa kwenu walikiitaje kile kijichuma cha mbele ya mtutu? Waulizeni wazee wangali wapo, maana hakuna kiwanda kitakachotuandikia barua juu ya maneno yetu.