Barabara Ndiyo Iliyochagua

Kijana wa Mwabungo anayetaka kubadilisha springi na shokomzoba za gari lake ana maswali mawili. La kwanza, je, gari litamfikisha Ukunda, Likoni na kumrudisha nyumbani kila siku bila kumvunja mgongo? La pili, ile siku moja moja anapolipeleka kwenye mashindano, litashika njia au litayumba kama mtumbwi? Wauzaji wa vipuri humwambia achague moja, kwani laini ni ya barabarani na ngumu ni ya mbio. Lakini nchi hii ina historia inayopinga jibu hilo. Kwa karibu miaka 50, barabara ya kazini na barabara ya mbio zilikuwa ile ile moja.

Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wapenda magari wa Nairobi walianzisha mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo zilizokuja kuitwa Safari Rally. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, jambo ambalo lilikuwa geni. Maana yake ni kwamba mtazamaji aliyesimama kando ya njia aliweza kulinganisha magari aliyoweza kuyanunua kwa pesa sawa, akaona lipi linarudi na lipi linabaki kwenye tope. Tena barabara hazikufungwa. Dereva wa mbio alikutana na basi, na ng'ombe, na mama aliyebeba kuni. Mombasa ilikuwa kituo cha kawaida cha mbio hizo, na vumbi la Taita lilijulikana na kila dereva.

Mashindano yale yalivunja magari bila huruma. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na miaka yote miwili gari lilikuwa Peugeot 404. Hilo halikuwa gari la mbio kwa sura. Lilikuwa gari la familia, lenye springi laini na magurudumu yanayoweza kupanda na kushuka sana kabla ya chuma kugonga chuma. Kwenye shimo, gurudumu lilishuka likafuata ardhi na bodi ikabaki imetulia.

Mtu aliyeielewa siri hiyo kuliko wengi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na kuchakazwa na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walisifu mkono wake kwenye usukani, lakini mafundi walisifu sikio lake. Alijua gari linapolia, na linalia wapi.

Ushindi wa Peugeot haukubaki kwenye magazeti. Ndugu mdogo wa 404, yaani 504, aliunganishwa hapa Kenya, takriban magari 27,000. Ile ya abiria, yenye mgongo mrefu, ilikuwa na springi mbili za mviringo kila upande wa nyuma. Wazee wanaikumbuka kama gari la safari za mbali, watu wamebanana ndani, magunia juu, na bado haigusi chini. Gari la 504 liliandikishwa pia kwenye Safari na likashinda mwaka 1975 na 1978. Huwezi kusema lilikuwa la barabarani au la mbio, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hapa inafaa tueleze kazi ya kila kifaa, maana wengi huchanganya. Springi hubeba uzito. Shokomzoba, au shoki kama zinavyofupishwa gereji, hazibebi kitu; kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na ule mtikiso unageuka kuwa joto. Kwenye rafu rodi ndefu mafuta hupata moto, yakawa mepesi, yakatoa povu, na shoki ikawa haina kazi. Ndiyo maana ubunifu wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, wa kutenga gesi yenye shinikizo ndani ya shoki ili mafuta yasitoe povu, ulileta mapinduzi. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikausambaza duniani. Kwa hiyo gari la Safari halikuhitaji springi ngumu kwanza. Lilihitaji shoki zisizochoka.

Somo hilo limefifia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Subaru Impreza ya buluu, na kizazi kizima kikaipenda sura ile. Kisha magari yaliyotumika Japani yakajaa bandarini, yametengenezwa kwa lami laini. Kijana akinunua lake, anaiga picha: anakata springi, gari linashuka, linapendeza. Kesho yake bampa inakwaruza ngazi ya feri Likoni maji yakiwa yamekupwa. Mwingine anafanya kinyume, anaweka vipande vya chuma au plastiki juu ya springi ili gari liinuke. Gari linaonekana refu, kumbe shoki ni zile zile. Zinafika mwisho mapema, na vyuma vya kuzungusha magurudumu vinakaa kwa pembe visivyoizoea. Akiwa peke yake, hasara ni yake. Akiwa amebeba abiria watano usiku kuelekea Msambweni, hasara si yake tena.

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii kwenye njia zilizofungwa za Naivasha, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shoki ya nyuma ikavunjika, mbio zake zikaishia hapo, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Gari la mamilioni, mafundi wa kiwanda kizima, na bado barabara ndiyo iliyoamua.

Basi huyu wa Mwabungo afanyeje? Aanze na bushi na matairi, maana shoki mpya juu ya bushi zilizokufa ni pesa ya bure. Halafu anunue shoki nzuri za gesi zinazolingana na springi alizo nazo. Springi azibadilishe tu ikiwa mzigo wake wa kila siku unazilemea, na azibadilishe pamoja na shoki zake. Akipata shoki zinazorekebishwa kwa mkono, zikazwe siku ya mashindano na kulegezwa Jumatatu. Na kwa sababu anaishi kando ya bahari, aoshe chini ya gari mara kwa mara. Chumvi hula springi taratibu, nayo huvunjika siku usiyoitarajia. Kwenye njia za mawe ya matumbawe zinazotoka barabara kuu kwenda ufuoni, gari lililoshushwa halimalizi mwaka.

Wale saba wa 1963 na wale saba wa 1968 hawakuwa na kasi kuliko wote walioanza. Walikuwa na magari ambayo Jumatatu yangeweza kupeleka watoto shule.