Mizani na Bei: Historia ya Pamba Usukuma

Wapo ndugu wanaodhani kwamba kupatana bei ni unyonyaji wenyewe. Sisi hatukubali. Mama muuza nyanya na mvuvi anayenunua wana nguvu karibu sawa. Kila mmoja aweza kukataa akaenda zake.

Pamba ilikuwa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya mkulima wa Usukuma ilipangwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo hapakuwa na bei ya kujadili. Unyonyaji ukahamia kwenye mizani. Mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma, ndiye aliyeandika. Na mkulima aliyefika na mzigo kichwani angeurudisha wapi? Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kisha, wakiongozwa na Paul Bomani, wakajenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria.

Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mizani ilishikwa na mamlaka za mazao. Zilikuwa za umma, ndiyo, lakini mkulima alikuwa tena upande wa pili wa meza. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.