Ratiba ya Mtawala na Saa ya Mtawaliwa

Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizuru Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya udhamini, ukakisia kwamba ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Uingereza, iliyoisimamia, ikang'aka: haraka ya nini? Januari 1959, magavana wa Afrika Mashariki walipokutana Chequers, Uingereza, bado Tanganyika ilitajiwa 1970. Uhuru ukaja 9 Desemba 1961.

Ratiba iliharibiwa na chombo kilekile kilichobuniwa kuilinda. Katika uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake iliharibika. Kujiandikisha nako kulidai elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, fedha ambayo mkulima wa kawaida hakuiota. Wengi ndani ya TANU, chama kilichodai uhuru, walitaka kususia. Tabora, Januari 1958, kiongozi wao Nyerere akawageuza: tuingie hivyo hivyo. Chama kikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nacho, na kura tatu zikawa zake zote. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kilitwaa viti 70 kati ya 71. Madaraka ya ndani yalianza 1 Mei 1961. Mazoezi rasmi ya kujitawala, baada ya miongo minne ya Mwingereza, yakawa miezi saba.

Kongo, koloni la Ubelgiji, hawakupata hata hiyo. Mwaka 1955 profesa Van Bilsen alipendekeza mpango wa miaka 30, na Wabelgiji wenzake wengi wakamwona mchochezi. Miaka mitano baadaye, mkutano wa Brussels ulipanga uhuru uwe 30 Juni 1960. Jeshi halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Siku tano baada ya sherehe, Jenerali Janssens, kamanda wao Mbelgiji, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Wakaasi.

Dar es Salaam ilijiona salama, nadhani kupita kiasi. Januari 1964 askari wa kambi yake ya Colito nao waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Bunge, mawaziri na bendera vilikwishakabidhiwa. Bunduki ilibaki mikononi mwa mgeni. Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza walewale kuzima maasi, kisha akalivunja jeshi zima na kuunda jingine.