Mchezo wa Mama na Mchezo Wangu: Historia Fupi ya Zana za Kuendesha Chama

Nyumbani kwetu Durban neno "mchezo" lina maana mbili. Mama akisema Jumapili ana mchezo, anazungumzia upatu: akina mama kumi na wawili wa mtaa wa Albert Park na jirani zake, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi walichokubaliana, na mmoja anapokea chote. Mwenzao mzaliwa wa Bukavu huuita likelemba, na majirani zetu Wazulu wana stokvel yao. Mimi nikisema nina mchezo, nimeshakaa mbele ya kompyuta, na wenzangu wa Mombasa na Dar es Salaam wananisubiri tukapigane na joka.

Mwaka 2023 mchezo wangu uliharibika. Umeme ulikuwa unakatika Durban kila siku kwa mgao, nami nikiwa kiongozi wa chama chetu sikuweza kuwapo kila tulipokutana. Nikampa naibu mmoja madaraka yangu yote ili kazi isilale. Usiku mmoja, taa ziliporudi, nilikuta hazina ya chama tupu: dhahabu, silaha, dawa, jasho la miezi minane la watu thelathini. Naibu hakuonekana tena. Mama aliponiona nimenuna akaniuliza, "Mwanangu, daftari alikuwa nalo nani?" Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu.

Vyama vya wachezaji havikuanza na zana. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walitengeneza MUD, dunia ya maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa pamoja. Watu wakikutana mara kwa mara hujenga urafiki, na urafiki ukikua huzaa chama.

Ultima Online, iliyotoka Septemba 1997, ilikipa chama umbo. Mwanzilishi aliweka jiwe la chama ndani ya nyumba, na kupitia jiwe hilo wanachama waliingizwa, wakapewa vyeo, hata wakaondolewa. La kushangaza ni kwamba kila mwanachama aliweza kutangaza pale utiifu wake kwa mwenzake anayemtaka, na mwenye watiifu wengi ndiye aliyekuwa mkuu. Yaani kura ilikuwamo ndani ya jiwe. Vyama vingi vilivyofuata katika michezo mingine havikurithi kura hiyo. Aliyekianzisha chama ndiye mwenye chama.

Machi 1999 ikaja EverQuest, na pamoja nayo tatizo ambalo mama angelitambua mara moja. Joka moja lilihitaji watu wengi kuliua, lakini ngawira yake ilikuwa vitu viwili vitatu. Nani apate? Mchezo wenyewe haukuwa na jibu, kwa hiyo wachezaji wakajitungia. Mwaka huohuo, katika chama kilichoitwa Afterlife, mchezaji anayejulikana kwa jina la Thott alibuni hesabu ya pointi iliyokuja kujulikana kama DKP. Ukihudhuria, unapata pointi. Ukichukua ngawira, unalipa kwa pointi. Jina lilitokana na majoka mawili ya mchezo huo, Lady Vox na Lord Nagafen. Hesabu hizi ziliwekwa nje ya mchezo, kwenye majedwali ya wachezaji wenyewe. Kwa maneno mengine, lilikuwa daftari.

Tangu hapo mwenendo ni uleule: wachezaji wanaumia, wanajitengenezea zana, na kampuni inafuata nyuma miaka kadhaa baadaye. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na mapambano yake makubwa ya mwanzo yalihitaji watu 40. Kuwapanga watu 40 kwa saa moja usiku mmoja ni kazi kama ya kuandaa harusi. Hata hivyo, kalenda ndani ya mchezo ilikuja Oktoba 2008 tu. Hazina ya chama ilikuja Novemba 2007. Kabla ya hapo, mali ya chama ilitunzwa na mhusika mmoja aliyeundwa kwa kazi hiyo, na usalama wake wote ulikuwa uaminifu wa mtu mwenye nywila. Hazina mpya ilileta mambo mawili muhimu: kila cheo kiliwekewa kiwango cha kutoa kwa siku, na kila anayetoa au kuweka aliandikwa. Mazungumzo nayo yalipitia njia hiyohiyo. Kwa miaka mingi watu walizungumza kwa programu za nje kama TeamSpeak na Ventrilo, na tangu 2015 wengi wamehamia Discord.

Lakini daftari halitoshi ikiwa mtu mmoja ana funguo zote. Ushahidi mzito unatoka EVE Online, mchezo wa Iceland ulioanza Mei 2003. Mwaka 2005 kundi la Guiding Hand Social Club lilijipenyeza ndani ya chama kingine kwa muda wa karibu mwaka mzima, likapanda vyeo polepole, kisha siku moja likabeba mali iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 16,500 za Marekani. Februari 2009 muungano mkubwa wa Band of Brothers ulivunjwa si kwa vita bali na kiongozi wake mmoja aliyeamua kuhamia kwa maadui. Madaraka aliyopewa yalitosha kuufuta. Katika visa vyote viwili zana zilifanya kazi sawasawa. Ziliruhusu kile zilichoambiwa kuruhusu.

Hapa ndipo ninapowarudia akina mama. Watu wa pwani yetu wana uzoefu mrefu wa kuendesha vyama. Vikundi vya ngoma ya beni, vilivyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara, vilikuwa na vyeo vingi kuliko mchezo wowote niliowahi kucheza, na wanachama walisaidiana katika shida. Katika vikundi vya siku hizi vya kuweka na kukopa, mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea hadi Tanzania na Kenya, fedha hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Hakuna anayetukanwa kuwa mwizi. Utaratibu wenyewe unamwondolea mtu kishawishi.

Tukilinganisha, naona mambo matatu ambayo zana za vyama vyetu zingefaa kuwa nayo. Kwanza, mali ikizidi kiwango fulani isitoke bila idhini ya watu wawili au watatu. Pili, kumbukumbu za hazina zisomwe na kila mwanachama, zisiishie miamala michache ya mwisho. Tatu, kuwe na urithi wa muda. Kiongozi akipatwa na udhuru, awe mgonjwa au yuko gizani kwa sababu ya mgao, naibu apate madaraka ya kuendesha shughuli bila kupata funguo za hazina. Kosa langu mwaka ule lilikuwa hapo. Nilitaka mtu wa kuniwakilisha jioni mbili kwa wiki, nami nikampa chama kizima, kwa sababu mchezo haukunipa njia ya katikati na mimi sikuitafuta nje yake.

Tulianza upya tukiwa tisa. Wengine hawakurudi, na siwalaumu. Hazina yetu sasa iko kwa wahusika watatu, mmoja Durban, mmoja Mombasa, mmoja Dar es Salaam, na hakuna mwenye zaidi ya theluthi. Kila Jumapili tunasomeana hesabu kwa sauti, jambo linalowachosha vijana wadogo. Jumapili iliyopita mama alipita na daftari lake kwapani akielekea kwenye upatu, akasimama mlangoni kusikiliza. "Na aliyechelewa mnamtoza?" akauliza. Bado hatujamtoza. Tumeliweka kwenye ajenda.