Kompyuta kuukuu, gemu jipya: historia ya ujanja wa wasio na fedha

Vijana wakishajua kwamba naandika habari za teknolojia, swali huwa ni moja: "Kaka, nina kompyuta ya zamani na laki moja na nusu mfukoni. Nifanyeje ili icheze gemu?"

Swali zuri. Ila umewahi kujiuliza kwa nini linaulizika? Hakuna anayeuliza afanyeje ili redio yake iwe televisheni. Kompyuta ndiyo tunayoichukulia kama nyumba ya kijijini: mwaka huu unaezeka bati, mwakani unaongeza chumba. Nani alituruhusu?

Jibu lina tarehe kabisa. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilizindua kompyuta yake namba 5150. Kikosi kilichoitengeneza kule Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, kilikuwa na haraka. Badala ya kuunda kila kitu wenyewe, wakanunua vipande vya wengine: prosesa ya Intel, programu endeshi ya Microsoft. Ndani wakaacha sloti tano za kuchomeka kadi, kisha wakauza kitabu chenye michoro ya mashine nzima! Bei ilianzia dola 1,565, kwa hiyo haikuwa kompyuta ya mlalahoi. Lakini mlango ulibaki wazi. Novemba 1982 Compaq ikatangaza kompyuta inayofanana nayo, wengine wakafuata, bei zikaanza kushuka.

Na sisi je? Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa duniani, sisi tulikuwa nyuma ya mlango wetu wenyewe. Tuliache hilo kwanza, nitalirudia.

Gemu ndilo lililofanya watu waanze kufungua makava. Desemba 1993 ilitoka Doom, iliyotaka prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4. Wengi walikuwa na kompyuta za kuandikia barua tu, wakakimbilia kuongeza RAM. Mwaka 1996 ikaja Quake, na hii ilifundisha somo gumu. Prosesa za Cyrix 6x86 zilikuwa rahisi kuliko Pentium na kazi za ofisini zilizifanya vizuri. Lakini Quake ilitegemea mno hesabu za desimali, na hapo Cyrix ikabaki nyuma. Rahisi si rahisi kama huijui kazi unayoinunulia.

Mwaka huohuo 3dfx ikaleta Voodoo, kadi ya ajabu kidogo. Haikuchukua nafasi ya kadi yako ya zamani. Uliziunganisha kwa waya mfupi nyuma ya kava, na Voodoo ikafanya kazi ya michoro ya gemu tu. Mashine ileile, sura nyingine kabisa. Toka hapo mchezaji alijua kwamba si lazima ubadilishe kompyuta, badilisha kile kinachokwamisha.

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe. Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa mbili kwa pamoja. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa dola 669. Celeron 300A, ya watu wa hali ya chini, dola 149. Watundu wakagundua kwamba ukipandisha mwendo wa basi ya madabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, Celeron nyingi zinakimbia kwa 450 bila matatizo. Kashe yake ilikuwa ndogo, kilobaiti 128 dhidi ya 512, lakini ilikwenda kwa mwendo kamili wa prosesa wakati ya Pentium II ilikwenda nusu. Kwenye gemu nyingi, ya dola 149 ilitembea bega kwa bega na ya dola 669!

Fikiria maana yake. Tofauti kati ya tajiri na maskini haikuwa uwezo wa mashine, ilikuwa namba iliyoandikwa juu ya kava lake.

Mwaka 2000 AMD ilifunga vizidishi vya prosesa zake za Duron na Athlon, lakini juu yake kulikuwa na vidaraja vidogo vilivyokatwa. Watu wakachukua penseli, ndiyo, penseli ya shule, wakaviunganisha kwa risasi yake, na kufuli likafunguka. Kadi ya Radeon 9500 ya mwaka 2002 nayo ilikuwa ndugu wa 9700 aliyezimwa nusu. Baadhi ziliamshwa kwa programu tu, nyingine zikaonyesha madoadoa kwenye skrini kwa sababu nusu ile ilikuwa mbovu kweli. Lazima tuwe wakweli: si kila kilichofungwa ni hila ya mfanyabiashara.

Haya, turudi nyumbani. Kompyuta nyingi za vijana wetu ni mtumba. Zilitumika ofisini Ulaya au Marekani miaka kadhaa, zikapita Dubai, zikashukia Kariakoo. Zina prosesa nzuri tu, ila pawa saplai ni ndogo na haina waya wa kulisha kadi kubwa ya michoro. Ndiyo maana GTX 750 Ti ya Februari 2014 ilikuwa habari kubwa kwa wasio na fedha: ilitumia wati 60, na sloti yenyewe inaweza kutoa hadi 75. Unachomeka, unafunga kava, unacheza. GTX 1050 Ti ya 2016 ikaendeleza njia hiyohiyo.

Kwa hiyo kijana wa laki moja na nusu, jibu langu halijabadilika toka enzi za Voodoo. Tafuta kinachokwamisha. Diski ni ya kuzunguka? Weka SSD, kompyuta itaamka haraka, ingawa gemu halitaongeza kasi ya picha. RAM ni kijiti kimoja? Ongeza cha pili kinacholingana nacho. Kisha kadi ya mtumba isiyohitaji waya wa ziada. Pima urefu wa kava kwanza, na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, icheze gemu dakika kumi na tano. Akikataa, ondoka.

Ila mlango ule wa 1981 unarudishwa taratibu. Mac zenye chipu ya M1, za tangu Novemba 2020, zimeunganishwa na RAM yake jumla. Uliyonunua ndiyo utakayokufa nayo. Laptopu nyingi nyembamba nazo huja na RAM iliyochomelewa. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zikapaa kwa sababu vituo vya akili mnemba vinanunua kama njugu. Oktoba 14 mwaka huohuo Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi nzima kabisa zikaambiwa hazifai kwa Windows 11.

Hapo ndipo narudi kwenye marufuku. Mwaka 2009 Uganda nayo ilitangaza kuzuia kompyuta za mtumba, kwa hofu ya kugeuzwa jalala. Hofu hiyo ina ukweli, taka za elektroniki ni sumu. Lakini kompyuta inayotengenezeka si taka, ni chuo. Mafundi wengi ninaowahoji walianza kwa kufungua kava ili gemu likimbie. Ukimuuzia kijana mashine isiyofunguka umemnyima zaidi ya gemu.

Nawe, bisibisi unayo?