Gari la Kasi na Daftari Lake

Msomaji, ukiliona gari la BMW la milango minne likipita barabarani kwa mwendo wa madaha, huenda ukadhani kwamba kampuni iliyoliunda haikuonja dhiki tangu kuzaliwa kwake. Historia yatufundisha kinyume.

Kampuni hiyo, ambayo makao yake ni mji wa Munich katika Ujerumani, yahesabu umri wake tangu mwaka 1916. Kwanza iliunda injini za ndege; magari haikuanza kuyaunda ila mwaka 1928. Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili ilitegemea hasa magari ya namna mbili: makubwa ya anasa, ambayo wanunuzi wake walikuwa wachache, na yale madogo mno yaitwayo Isetta, ambayo faida yake ilikuwa haba. Gari la kadiri, la kumfaa daktari au mwalimu mwenye watoto, halikuwapo.

Hasara ilizidi hata tarehe 9 Desemba 1959 wenye hisa wakakutanishwa, wakapewa shauri la kuitia kampuni yao mikononi mwa Daimler-Benz, waundaji wa Mercedes. Wenye hisa ndogo pamoja na wauza magari walikataa. Waliyachungua mahesabu, wakaonyesha kosa lililokuwamo, na mkutano ukaahirishwa. Baadaye tajiri Herbert Quandt aliamua kuitilia kampuni mtaji zaidi, nayo ikabaki huru.

Matunda ya uamuzi huo yalionekana Septemba 1961 katika maonyesho ya Frankfurt, lilipotolewa gari liitwalo 1500. Lilikuwa na milango minne na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 80. Jamaa nzima yaweza kuketi ndani yake, na huku likikata kona kama gari la mashindano. Mwaka 1972 ukafuata mfululizo wa 5, na mwaka 1985 ikatoka M5 ya kwanza, yenye nguvu za farasi 286.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya mtu anunuaye gari la ukoo huo likiwa limekwisha tumika, akitaka kwenda nalo kazini kila siku. Bei yake imeshuka sana, lakini mahitaji yake hayakushuka hata kidogo. Chukua mfano wa mfululizo wa 5 uliotolewa mwaka 1995. Katika mitambo ya kupoza injini mna vipande vya plastiki ambavyo, kwa joto la miaka mingi, hukauka na kupasuka. Mwenye kuvibadili mapema hulipa kidogo. Mwenye kungoja huona maji yamevuja, injini imechemka, na kichwa chake kimepindika. Hapo gharama yaweza kupita bei ya gari lenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hatangulizi kutazama rangi wala kusikiliza mngurumo. Kwanza huomba daftari la matengenezo. Je, mafuta ya injini yalibadilishwa lini? Pampu ya maji na rejeta ni za mwaka gani? Bushi za magurudumu zilitiwa na fundi yupi? Kisha hulipeleka gari kwa fundi wake mwenyewe, wala si kwa fundi wa muuzaji, na huweka akiba ya fedha za spea kabla ya kulipa bei. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Nasi tusisahau kwamba wale wenye hisa wa mwaka 1959 hawakuiokoa kampuni yao kwa kelele tu. Walifungua mahesabu wakayasoma. Yeyote anunuaye leo gari kuukuu lililotoka katika kiwanda hicho, na afanye vivyo hivyo.